Bomba la Hoima–Tanga: Mlango wa mahakama uliofungwa kabla wananchi hawajafika

NOVEMBA 29, 2023, Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake mjini Arusha, ilitupilia mbali shauri lililokuwa likipinga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Majaji hawakusema kwamba bomba hilo ni salama kwa mazingira, wala hawakusema kwamba ni la hatari. Hawakutamka kama mikataba yake inalinda haki za wananchi wanaopisha mradi au inazikanyaga. Walisema jambo moja tu: walalamikaji wamefika wakiwa wamechelewa.

Siku tisa baadaye, Desemba 8, Mahakama Kuu ya Uganda mjini Hoima iliamua shauri jingine. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imezishitaki familia 42 za eneo la mradi wa Tilenga, ambako itachimbwa sehemu kubwa ya mafuta yatakayopita katika bomba hilo. Familia hizo hazikuwa zimechukua fidia, baadhi kwa kuiona kuwa ni ndogo, baadhi kwa sababu ya migogoro ya umiliki. Serikali iliomba iruhusiwe kuiweka fidia hiyo mahakamani na wahusika waondoke katika ardhi. Shauri lilifunguliwa Desemba 4. Amri ilipatikana baada ya siku nne.

Hukumu hizo zilitolewa na mahakama mbili tofauti na zilijibu maswali tofauti, hivyo si haki kuzipima katika mzani mmoja. Hata hivyo, anayetaka kufahamu ni sheria gani inayotawala njia za nishati zinazovuka mipaka ya nchi zetu anaweza kuanzia hapo. Katika njia hizo, muda ni sehemu ya sheria yenyewe, na hauhesabiwi kwa namna moja kwa serikali, kwa kampuni na kwa mkulima ambaye bomba limepita shambani kwake.

Bomba lina urefu wa kilomita 1,443. Kati ya hizo, kilomita 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane kuanzia Kagera hadi Tanga. Kwa kuwa mafuta ya Uganda ni mazito na yenye nta, hayawezi kutiririka katika joto la kawaida. Bomba litapashwa moto njia nzima ili mafuta yabaki kwenye nyuzi joto 50 hivi. Kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa inamiliki asilimia 62 ya hisa, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina asilimia 8. Kampuni inayomiliki bomba imesajiliwa Uingereza, nchi ambayo bomba halifiki hata kwa kilomita moja.

Mradi wa namna hii hauongozwi na sheria moja. Unaongozwa na rundo la mikataba. Wa kwanza ni ule wa serikali na serikali, uliosainiwa Mei 26, 2017, kati ya Uganda na Tanzania. Chini yake ikaja mikataba ya nchi mwenyeji, yaani kati ya kila serikali na kampuni ya bomba: wa Uganda ulisainiwa Aprili 2021 pamoja na mkataba wa wanahisa na ule wa nauli ya kusafirisha mafuta, na wa Tanzania ulisainiwa Mei 2021. Desemba mwaka huo Bunge la Uganda lilipitisha sheria maalumu ili mikataba hiyo ipate nguvu ndani ya nchi. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 1, 2022.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini rundo lote hilo? Je, hakuna sheria ya kimataifa inayoipa nchi isiyo na bahari haki ya kupitisha mali yake kwa jirani? Ipo, lakini haikuandikwa kwa ajili ya mabomba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia 1985 na Uganda 1990, unazipa nchi zisizo na pwani haki ya kufika baharini na uhuru wa kupita katika nchi jirani. Ibara ya 124 inataja vyombo vya usafiri vinavyohusika: mabehewa ya reli, vyombo vya baharini, vya ziwani na vya mitoni, na magari ya barabarani. Inaongeza kuwa pale ambapo mazingira yanahitaji, wapagazi na wanyama wa mizigo nao wamo. Mabomba ya mafuta na gesi yanaingia endapo tu nchi hizo mbili zitakubaliana. Kwa lugha nyingine, Mganda mwenye punda anayo haki iliyoandikwa tayari; Mganda mwenye bomba lazima akae mezani kwanza.

Na mezani ndiko sheria inakotungwa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Ibara ya 101, unahimiza ushirikiano wa nishati, mabomba yakiwemo, lakini haupangi nani atawajibika bomba likivuja, mwananchi wa nchi moja atamdai nani wa nchi nyingine, wala nauli itaamuliwaje pakitokea ugomvi. Kila bomba linajitungia sheria yake. Walioketi mezani wanaijua. Wasiokuwapo wanaisikia baadaye. Mikataba ya nchi mwenyeji iliposainiwa 2021, maandishi yake kamili hayakuwekwa hadharani.

Hapa ndipo hukumu ya Arusha inapouma. Mashirika manne ya kiraia kutoka Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua shauri Novemba 6, 2020, dhidi ya Wanasheria Wakuu wa Uganda na Tanzania pamoja na Katibu Mkuu wa Jumuiya. Yalidai kwamba mradi unakiuka Mkataba wa Jumuiya, itifaki ya mwaka 2003 ya bonde la Ziwa Victoria, na mikataba ya haki za binadamu. Yaliomba ujenzi uzuiwe. Wakati huo hapakuwa na mtaro hata mmoja uliochimbwa kwa ajili ya bomba. Tena, ilikuwa ni chini ya miezi miwili tangu Total itangaze, Septemba 2020, kuwa mazungumzo ya mkataba wake na Serikali ya Uganda yamekamilika.

Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya inasema shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kutungwa, kuchapishwa au kutendeka kwa jambo linalolalamikiwa, au tangu mlalamikaji alipolifahamu. Mahakama ilianza kuhesabu kutoka mkataba wa serikali na serikali wa Mei 2017, na ikasema muda uliisha Julai 2017. Walalamikaji walikata rufaa. Novemba 2025 Divisheni ya Rufaa nayo ikashikilia kuwa shauri lililetwa nje ya muda. Miaka mitano ilipita kati ya kufunguliwa kwa shauri na neno la mwisho, na katika miaka hiyo mitano kiini cha madai hakikusikilizwa hata siku moja.

Kisheria, majaji hawakuzua kitu. Mwaka 2012 Divisheni ya Rufaa ilikwishasema, katika shauri la mateso ya Mlima Elgon nchini Kenya, kwamba hata madai ya uvunjaji wa haki unaoendelea hayaurefushi muda huo. Waliohukumu shauri la bomba walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Swali la kujiuliza ni nani aliyeichora njia hiyo, na kwa nini.

Jibu lake liko kwenye kumbukumbu. Kikomo cha miezi miwili hakikuwemo katika Mkataba wa awali wa Jumuiya. Novemba 2006 mahakama hiyo, katika shauri la Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake, ilizuia wabunge walioteuliwa na Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki. Wakuu wa nchi walikasirika. Kabla ya mwaka huo kwisha walikuwa wamesaini marekebisho ya Mkataba: mahakama ikagawanywa kuwa na divisheni ya awali na ya rufaa, masharti ya kuwaondoa majaji yakapanuliwa, na kikomo cha miezi miwili kikaingizwa. Kilitungwa kujibu ugomvi wa kisiasa kuhusu viti vya ubunge. Leo kinatumika kwa bomba litakalokaa ardhini kwa miongo kadhaa.

Upande wa serikali una hoja, na isipuuzwe. Hakuna benki itakayotoa mabilioni ya dola kwa mradi unaoweza kushitakiwa wakati wowote na mtu yeyote kwa jambo la miaka kumi iliyopita. Fedha za mradi huu zilikuwa ngumu kupatikana hata bila kesi: benki nyingi kubwa za Ulaya zilijitenga nao kwa sababu ya mazingira, na Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuulaumu Septemba 15, 2022. Sehemu ya kwanza ya mikopo ilitangazwa Machi 2025, kutoka Afreximbank, Standard Bank, matawi ya Uganda ya Stanbic na KCB, na taasisi moja ya fedha ya Kiislamu. Kikomo cha muda ni jambo la kawaida katika sheria ya kila nchi.

Lakini kikomo cha muda huwa na maana kama mtu anaweza kujua kimeanza lini. Mwaka 2017 mkulima wa Nzega au Kiteto hakuwa na njia ya kujua kama bomba litapita kwake. Upimaji wa mkuza na uthamini wa mali ulianza 2018. Muda wake wa kulalamika Arusha, kwa hesabu ya mahakama, ulikuwa umekwisha kabla mthamini hajagonga mlango.

Na mthamini alipogonga, saa nyingine ikaanza, hii ya kungoja. Mtu aliyekwisha kuthaminiwa hatakiwi kupanda mazao ya kudumu wala kuendeleza nyumba katika eneo lililochukuliwa, maana kitakachoongezwa baada ya tarehe ya mwisho hakilipwi. Sheria ya Uthamini ya Tanzania ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Ikichelewa, kuna riba. Walio wengi kati ya wananchi zaidi ya 9,000 walioguswa upande wa Tanzania, na zaidi ya 3,600 upande wa Uganda, walilipwa miaka kadhaa baada ya kuthaminiwa. Kampuni ilikiri ucheleweshaji huo na kulipa nyongeza. Ni jambo jema. Ila mgomba usiopandwa kwa miaka mitatu hauzai kwa kulipwa nyongeza, na mzazi aliyeahirisha kujenga hakurudishiwa bei ya saruji ya 2018.

Inafaa kutazama mambo yanavyokuwa pale anayelalamika anapokuwa ni serikali. Mwishoni mwa Desemba 2023, mwezi mmoja tu baada ya hukumu ya bomba, Uganda iliishitaki Kenya katika mahakama ileile ya Arusha. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yanayotumika Uganda hupitia Kenya, na Kampala ilikuwa imeamua kuwa shirika lake la taifa liagize mafuta hayo moja kwa moja badala ya kupitia kampuni za Kenya. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilitaka shirika hilo litimize masharti ya leseni, yakiwemo ya kumiliki vituo vya kuuzia mafuta nchini Kenya, masharti yaliyotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa ndani. Kesi hiyo haikufika mbali. Machi 2024 leseni ikatoka, Mei makubaliano yakasainiwa Nairobi mbele ya marais wawili, na Julai shehena za kwanza zikaanza kuingia. Kwa Uganda, Arusha ilikuwa fimbo ya kuonyesha; mazungumzo yenyewe yalifanyika kwingine. Mwananchi hana huko kwingine.

Serikali zenyewe nazo huumia pale sheria inapokosekana. Sudan Kusini, ambayo tangu 2016 ni mwanachama wa Jumuiya, ilipata uhuru mwaka 2011 ikiwa na visima vya mafuta, huku bomba na bandari vikibaki Sudan. Pande hizo hazikuwa zimekubaliana nauli. Khartoum ilidai zaidi ya dola 30 kwa pipa, Juba ilikuwa tayari kutoa sehemu ndogo sana ya hizo, na Sudan ikaanza kujichukulia mafuta kama malipo. Januari 2012 Sudan Kusini ilifunga visima vyake vyote, na kujinyima karibu mapato yote ya serikali. Mapatano yalifikiwa Addis Ababa Septemba 27, 2012, na uzalishaji ukarejea mwaka uliofuata. Kwa kulinganisha, Uganda na Tanzania zilifanya vema kupatana nauli, dola 12.77 kwa pipa, kabla ya kuweka bomba ardhini. Sifa hiyo wanaistahili waliojadiliana.

Wale waliokosa mlango nyumbani wameutafuta Paris. Ufaransa ina sheria ya 2017 inayozitaka kampuni kubwa kuzuia madhara ya shughuli zao hata nje ya nchi, na mashirika ya Ufaransa na Uganda yaliitumia kuishitaki Total mwaka 2019. Februari 28, 2023, mahakama ya Paris ilikataa shauri hilo kwa kuwa madai yaliyofikishwa mwishoni yalitofautiana na yale ya notisi ya mwanzo. Kwa mara nyingine, utaratibu ulishinda na kiini kikabaki nje. Juni 2023 Waganda 26 walifungua shauri jipya la kudai fidia. Ni hali ya ajabu kidogo kwamba shamba lililoko Bunyoro lijadiliwe kwa Kifaransa kando ya mto Seine, wakati Jumuiya ina mahakama yake umbali wa safari ya basi.

Tena mahakama hiyo si kwamba haiwezi. Juni 2014 ilitamka kuwa barabara ya lami iliyokusudiwa kukatiza kaskazini mwa Serengeti ingekiuka Mkataba wa Jumuiya, na ikaizuia. Shauri hilo lililetwa na shirika la Kenya dhidi ya Serikali ya Tanzania mwaka 2010. Mahakama ilisikiliza ushahidi wa wataalamu, ikapima madhara, ikatoa uamuzi wa kiini. Majaji wanaoweza kupima barabara wanaweza kupima bomba, ilimradi wafikiwe kwa wakati.

Kuirekebisha Ibara ya 30(2) si kazi ndogo. Marekebisho ya Mkataba hupitishwa na Mkutano wa Wakuu wa Nchi na huanza kutumika pale tu nchi zote wanachama zinapoyaridhia, na tangu Somalia ijiunge Machi 2024 nchi hizo ni nane. Sioni dalili kwamba marais walioukaza mlango wana haraka ya kuulegeza. Kuna hatua nyepesi zaidi ambayo kila serikali inaweza kuichukua peke yake: kuchapisha katika gazeti la serikali kila mkataba wa bomba au njia ya umeme inayovuka mpaka, ukiwa kamili, pamoja na ramani ya vijiji unavyopita, kabla haujaanza kutumika. Hapo wakili wa mlalamikaji angekuwa na tarehe ya kuisimamia, na wakili wa serikali naye angekuwa nayo.

Bomba la Hoima–Tanga lenyewe halitasimamishwa tena kwa kesi ya aina ile. Kufikia 2025 ujenzi ulikuwa umevuka nusu. Yatakayokuja sasa ni mambo ya uendeshaji: mvujo ukitokea, pampu ikichafua kisima, bomba likichakaa na mtu akatakiwa kulifukua. Kila tukio la namna hiyo ni kitendo kipya, kwa hiyo muda wake utahesabiwa upya. Anayeishi kando ya mkuza anapaswa kujua kuwa siku atakayoyaona mafuta shambani, ana siku 60 hivi za kupata wakili, ushahidi wa maabara na nauli ya Arusha.

Njia nyingine zinafuata. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani Nairobi, Tanzania na Kenya zilisaini makubaliano ya awali ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Mkataba kamili wa serikali na serikali ukija kusainiwa, wakazi wa pwani kuanzia Bagamoyo hadi Kwale watausikia kwenye taarifa ya habari jioni. Kwa tafsiri inayotumika Arusha, miezi yao miwili itakuwa imekwisha kuanza, hata kama maandishi yenyewe bado yamo kabatini wizarani.